Bafta Nyeupe za Viwanja Elfu

Mama Tunu anasema nguzo ilipiga chafya.

Anasema ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, jua limeshashika, na yeye yuko uani kwake anachambua mchele, hana habari na mtu. Nguzo ya arobaini na moja, ile ya mwisho kabisa, ambayo popo wakifika hapo hugeuza wakarudi mjini, ikatetemeka. Halafu ikavuta pumzi. Mama Tunu alisikia kwa masikio yake haya mawili, hakuhadithiwa na mtu. Ikavuta, ikanyamaza kidogo, ikapiga chafya moja. Kitu cheusi kikatoka kwenye kisigino cha nguzo, kikatambaa chini kwa chini kama maji ya kuoshea masufuria, kikavuka ua wa michongoma, kikampitia jogoo wake mweupe. Jogoo aliingia humo mweupe akatokea upande wa pili mweusi ti, amefumba jicho moja, hajui aelekee wapi.

"Jogoo mwenyewe yuko wapi, tumwone?" aliuliza Semeni. Walikuwa kwenye foleni ya bomba la mtaa, ndoo zimepangwa, na watu wamesogea karibu ili wasikose neno.

"Si yule pale juu ya kinu."

Wote wakageuka. Jogoo alikuwa mweupe kama kanzu ya Idi.

"Mbona mweupe, Mama Tunu?"

"Nimemwosha."

"Umemwosha jogoo?"

"Kwa sabuni ya mche. Ulitaka nimwache vile uani kwangu, watu wapite waseme Mama Tunu maji yamemshinda?"

Foleni nzima iliangua kicheko. Mwanamke mmoja alicheka mpaka akakalia ndoo ya mwenzake. Kwani nani hamjui Mama Tunu? Ndiye aliyewahi kudai ameona simba kwenye kituo cha popo, watu wakatoka na marungu, kumbe ni mbwa wa mkaguzi. Kwa hiyo walicheka, wakateka maji yao, wakaenda zao.

Semeni alicheka kidogo tu, kisha akaacha. Alikuwa mtu wa kutazama, si wa kusema. Na alikuwa akikumbuka kwamba Jumatano hiyohiyo, kabla ya adhuhuri, binti yake Zamda wa miaka minne aliingia ndani kutoka kucheza, akakaa kwenye mkeka bila kuambiwa, na kifua chake kikaanza kulia kama chungu cha maharage kilichofunikwa vibaya.

*

Viwanja Elfu ulikuwa mtaa wa mwisho wa jiji la Lukonde, uliopimwa kwa kamba na rula, nyumba zake zimenyooka mstari kama meno ya kitana. Waliokaa humo walihamishwa kutoka katikati ya mji wakati waya wa popo unafungwa. Waliambiwa: nendeni kwenye hewa safi, popo watawaleta kazini na kuwarudisha.

Popo walikuwa magari yanayoning'inia kwenye waya, ndiyo maana watu wakawaita hivyo. Lakini kazi yao haikuwa kubeba watu peke yake. Kila popo alikuwa na pafu tumboni. Akipita juu ya barabara za mjini, juu ya malori na viwanda na majiko ya mkaa, pafu lilivuta moshi, likausukuma ndani ya waya. Na waya wenyewe ulikuwa mtupu ndani kama bua la mpapai. Moshi ulisafiri humo, na mwisho wa safari, waliambiwa, kulikuwa na tanuri la kuufinyanga matofali. Meya alilishika tofali la kwanza mkononi siku ya uzinduzi, akalibusu. Picha yake bado ilikuwepo kituoni.

Ili kujua hewa ya kila mtaa, jiji halikutumia mashine. Mashine za zamani ziliwahi kusema uongo, watu wakazichoma. Sheria mpya ikaja rahisi: kila nyumba itundike mbele yake nusu yadi ya bafta nyeupe. Jumamosi kwa Jumamosi, mshika vitambaa wa mtaa apite nyumba hadi nyumba na kadi yenye rangi saba, moja ikiwa maziwa na saba ikiwa masizi, alinganishe, aseme namba mbele ya kinasa sauti. Bafta haina shangazi mjini, walisema watu. Haiwezi kuhongwa.

Mshika vitambaa wa Viwanja Elfu alikuwa Semeni. Alikuwa ameishia darasa la saba, lakini walimchagua kwa sababu hana haraka na macho yake hayapitwi na kitu.

Na macho hayo yaliona, tangu wiki ya kwanza kabisa, miaka mitatu iliyopita. Alipofika kwa Mama Tunu akainua bafta, ilikuwa imeingia vumbi la barabara, namba tatu hivi. Mama Tunu aliishika ile bafta kwa mikono miwili, na machozi yakamlenga.

"Mwanangu, usiiseme. Kitambaa kichafu mbele ya nyumba yangu, na jina langu juu yake? Rudi baada ya saa moja."

Semeni akarudi baada ya saa moja. Bafta ilikuwa imefuliwa, imepigwa na jua, inanukia. Akasema moja. Habari ikatembea. Ijumaa iliyofuata, alasiri, mtaa mzima ulikuwa kwenye karai. Haikuwa njama, wala hakuna aliyeitisha kikao. Ni kwamba mke gani wa Viwanja Elfu angekubali jirani aanike nyeupe na yeye aanike kaniki? Semeni aliona, akaona aibu kuwaaibisha. Na kwa vile bafta moja chafu katika mstari wa bafta safi inasema mengi kuhusu mwenye nyumba, naye akawa anafua ya kwake.

Wiki ile ya chafya, Ijumaa, aliitia bafta yake kwenye karai kama kawaida. Maji yakawa meusi. Akamwaga, akatia mengine. Yakawa meusi. Akafua kwa maji matatu, ya mwisho ndiyo yaliyofanana na maji. Alisimama pale akiyatazama, na ndani Zamda anakohoa. Lakini Jumapili Mstahiki Meya alikuwa anakuja, kwa Kikao cha Maswali, mara ya kwanza tangu mtaa uzaliwe. Nani anampokea mgeni na bafta chafu? Akamwaga maji chini ya mpapai, akaanika.

Jumamosi alipita nyumba mia moja na kumi na mbili. Moja. Moja. Moja. Bafta nyingine zilikuwa bado mbichi zinachuruzika. Nyumba moja tu ilimshtua, ya Mzee Ndalu, mgane asiye na mke wala binti, aliyekuwa amesafiri wiki nzima kwenda msibani. Bafta yake haikuguswa na mkono wa mtu. Semeni aliiona kutoka mbali akadhani mtu ametundika gunia la mkaa.

Hakuisemea namba. Alijiambia, wanaume hawajui kutunza kitu. Akaikunja, akaitia ndani ya mkoba wake, chini kabisa, na usiku ule hakula.

*

Kikao kilifanyika Jumapili asubuhi ndani ya zahanati. Iliitwa zahanati, ila ilikuwa kuta nne bila paa. Watu walikaa kwenye sakafu na jua linawaangalia. Popo wa Meya alifika saa tatu. Mstahiki Thabiti Kolowa alishuka, mtu mnene wa kicheko kizuri, suti ya rangi ya mchanga, na kifuani kifungo cheusi kikubwa kama kikombe cha kahawa. Hicho kifungo ndicho kilichokuwa Karani.

Karani ndiye aliyeendesha jiji: popo, maji, taa, mabomba. Zamani mameya waliahidi wakakana, ndipo wananchi wakapiga kura kwamba neno la meya lisikilizwe na mashine moja kwa moja. Akisema ndiyo, jambo linatendeka kabla hajafumba mdomo. Tangu hapo mameya wa Lukonde walijifunza kuongea saa nzima bila ndiyo wala hapana kuwatoka.

Kwa sheria, maswali matatu ya kwanza yalikuwa ya mshika vitambaa. Semeni alisimama na mkoba wake begani.

"Shikamoo, Mstahiki."

"Marahaba, mama. Uliza bila woga, mimi ni mtoto wenu."

"Swali langu la kwanza ni usafiri. Tulipohamia, popo walikuja kila robo saa. Sasa ni mara tatu kwa siku. Mwezi wa nne mwenzetu mmoja alishikwa na uchungu akajifungulia hewani, kwenye nguzo ya thelathini."

"Na mtoto tumemwita Popo!" alidakia mtu wa nyuma. Watu wakacheka. Meya naye akacheka, tena kwa sauti kuliko wote.

"Mtoto wa kiume?"

"Wa kike, Mstahiki."

"Basi huyo ni rubani wetu wa kesho. Suala la popo, mama, liko mezani. Tunalitazama kwa jicho la karibu sana."

"La pili ni viwanja. Ramani tuliyopewa ina soko, ina shule, ina zahanati. Soko ni kichaka. Shule watoto wanaifuata nguzo saba kutoka hapa. Zahanati ndiyo hii umekaa."

Meya aliinua macho, akalitazama anga pale palipotakiwa kuwa na paa. "Inaingiza hewa nzuri," alisema. Safari hii hawakucheka wote. "Upangaji wa pembezoni mwa mji, ndugu zangu, ni kama kupika makande. Ukiharakisha, unakula mahindi mabichi. La tatu, mama."

Semeni alivuta pumzi. "La tatu ni hewa. Tangu Jumatano watoto wetu wanakoroma wakiwa macho. Wangu ni mmojawapo. Naomba kujua, moshi mnaouvuta mjini, unaishia wapi?"

Kicheko cha Meya kilibaki usoni lakini macho yaliondoka. Alifungua mdomo kusema matofali. Kila mtu aliliona neno limefika kwenye meno. Akalirudisha.

"Karani," alisema, "waeleze."

Karani alikuwa na sauti ya mwanamke mwenye adabu, ya mtu anayekusomea barua yako bila kujua kama ni ya heri au ya msiba.

"Tanuri lilijaa mwaka juzi na halijatengenezwa. Moshi unakaa ndani ya waya mpaka utolewe. Sheria ya jiji inasema utolewe penye hewa safi kuliko pote, ili uchanganyike upungue makali. Kwanza ulitolewa Darajani. Hewa ya Darajani ilifika tano. Nilitafuta mtaa mwingine. Viwanja Elfu ni moja, kila nyumba, kila wiki, miaka mitatu. Hakuna mtaa mwingine wenye rekodi hiyo. Jumatano saa nne asubuhi nilifungua kidogo mdomo wa nguzo ya arobaini na moja. Jana vitambaa vyenu vilisomwa tena. Moja. Kwa hiyo kesho nitaufungua wote."

Mama Tunu alisimama taratibu, kidole juu.

"Chafya," alisema. "Si niliwaambia?"

Hakuna aliyecheka. Kisha zahanati ikalipuka. Wanaume walisimama, viatu vikapigwa sakafuni, mtu akapiga kelele, "Mmetufanya jalala!" na mwingine, "Mlituleta huku makusudi!" Semeni hakusikia hata nusu. Alikuwa akiona maji meusi yakimwagika chini ya mpapai, karai baada ya karai, nyumba mia moja na kumi na mbili, Ijumaa baada ya Ijumaa. Alitazama wanawake wenzake. Nao walikuwa wametulia ghafla katikati ya makelele ya waume zao, wakitazama mikono yao ya kufulia.

Meya aliinua kiganja. "Ndugu zangu, sikuchagua mimi. Mashine haikuchagua. Vitambaa vyenu ndivyo vilivyochagua." Akamgeukia Semeni. "Mama, wewe ndiye mshika vitambaa. Mbele ya Karani, niambie. Vilikuwa vya kweli au si vya kweli?"

Mwenyekiti wa mtaa alimvuta Semeni upindo wa kanga, akanong'ona bila kumtazama: "Angalia ulimi wako. Mtaa ukikutwa umeghushi vitambaa, popo hasimami hapa miaka mitano. Tutaenda kazini kwa miguu?"

Mama Tunu alikuwa amemkazia macho. Macho yale yalisema kitu kilekile cha miaka mitatu iliyopita: mwanangu, usiiseme.

Mlangoni alikaa shangazi yake Semeni amempakata Zamda. Mtoto alikuwa ameinua mabega kama mtu anayeingia maji ya baridi, na kila alipovuta pumzi, shimo dogo lilichimbika juu ya kifua chake.

"Si vya kweli," alisema Semeni.

"Ati nini?" alisema mtu.

"Tunavifua. Kila Ijumaa. Tulianza kwa aibu, tukaendelea kwa mazoea. Mimi nilijua, na nikasema moja. Na ya kwangu pia nafua." Akaingiza mkono ndani ya mkoba mpaka chini, akaitoa bafta ya Mzee Ndalu, akaikunjua. "Hii ndiyo haikufuliwa. Ni ya wiki moja."

Ilikuwa nyeusi kiasi kwamba watu wa mbele walijivuta nyuma isije ikawagusa. Mzee Ndalu alisimama. "Ndiyo yangu hiyo?" aliuliza. "Mimi nalala hapo?"

"Semeni umetuvua nguo!" mwanamke mmoja alilia. "Mbele ya wageni!"

"Mwache," alisema Mama Tunu, na sauti yake haikuwa ya bombani. "Mimi nilifua mpaka jogoo."

Karani alinena. "Nimesikia. Rekodi ya Viwanja Elfu nimeifuta. Mdomo wa arobaini na moja naufunga."

Watu walianza kushangilia, na hapo ndipo Karani alipomalizia, kwa adabu ileile: "Mtaa unaofuata kwa hewa ni Darajani, tano. Narudisha moshi Darajani, saa sita mchana."

Shangwe ilikufa midomoni. Mama Tunu alishika ukuta. "Tunu wangu ameolewa Darajani," alisema. "Amejifungua wiki iliyopita. Semeni, mjukuu wangu hata jina hana."

Darajani wao hawakufua. Darajani walisema tano kwa sababu ilikuwa tano. Semeni alihesabu haraka na akaona hesabu haitoki: mwanawe apumue, wa Tunu asipumue. Alitazama nguzo ya arobaini na moja pale nje, akafuata waya kwa macho, nguzo baada ya nguzo, unavyozama kuelekea mjini ulikotoka.

"Karani," aliuliza, "nguzo ya kwanza ina mdomo?"

Mlinzi wa Meya alimtazama bosi wake.

"Unao," alisema Karani. "Kila nguzo ilijengwa na mdomo. Nguzo ya kwanza iko kwenye bustani ya maua, mlangoni pa Ofisi ya Meya. Mdomo wake haujawahi kufunguliwa. Bafta ya pale ni moja, ila pale si mtaa; siufungui bila neno la Mstahiki."

"Ya pale nani anaifua?" aliuliza Mama Tunu.

Semeni alimgeukia Meya. Hakupaza sauti. Hakuwa mtu wa kupaza sauti.

"Mstahiki, kosa letu nimelisema, na adhabu yetu tutaibeba, hata ya miguu. Lakini moshi huu si wetu wala si wa Darajani. Naomba ukae ulikozaliwa. Ukikaa mlangoni penu, mimi najua, tanuri litawaka kabla ya Jumamosi. Sina swali tena. Nina ombi. Sema ndiyo."

"Nasubiri neno la Mstahiki," alisema Karani. "Ni saa tano na dakika arobaini na tano."

Watu mia tatu walimkodolea macho chini ya jua. Jasho lilimtoka Meya kwenye kipaji cha uso, likashuka mpaka kwenye nyusi. Alitoa leso mfukoni, leso nyeupe, iliyopigwa pasi, yenye herufi za jina lake pembeni. Akajifuta uso, taratibu, kutoka kipaji mpaka shingo. Kisha akaitazama.

Wote waliiona. Alikuwa hajatimiza hata saa tatu Viwanja Elfu.

Meya aliikunja ile leso, upande mchafu ukaingia ndani, upande safi ukabaki nje. Akaikunja tena, akainyoosha kwa kiganja, akairudisha mfukoni, herufi zake zikachungulia, nyeupe kabisa. Wanawake wa Viwanja Elfu walimtazama bila kupepesa. Walimwelewa mno.

"Mstahiki," alisema Semeni, "nakuomba."

Kifungo cheusi kifuani kilikuwa wazi, kinasikiliza.